Kutoka Kutengeneza Tovuti Hadi UX: Maswali Yenu na Majibu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu waliotengeneza tovuti tangu enzi za modemu, na sasa kila tangazo la kazi wanalolifungua linataka mbunifu wa UX, yaani mtu wa kushughulikia safari nzima ya mtumiaji kwenye huduma. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Nilianza na programu ya Dreamweaver, meza za HTML (lugha ya kuandikia kurasa) na picha za kukatakata kwenye Photoshop, kisha nikaingia Flash ya michoro inayocheza. Je, yote niliyoyajua yamepitwa na wakati? (Msomaji, Mwanza)

Zana ndizo zilizopitwa. Flash ilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Kupanga ukurasa kwa meza kulikufa taratibu, vivinjari vilipoanza kuiheshimu CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilikuwa imeipitisha tangu Desemba 1996. Lakini kumbuka kazi yenyewe ilikuwaje. Skrini ilikuwa ya pikseli 640 kwa 480, baadaye 800 kwa 600. Rangi za kuaminika kwenye kila kompyuta zilikuwa 216 tu. Modemu ya kilobiti 56, hata siku ikiwa na nguvu zake zote, hupitisha kilobaiti 7 kwa sekunde, kwa hiyo ukurasa wa kilobaiti 50 ulimsubirisha mtu zaidi ya sekunde 7. Kila picha ilibidi ijieleze imekuja kufanya nini.

Nidhamu hiyo bado inahitajika sana kwetu. Ukurasa wa megabaiti 2 ukipita kwenye mtandao dhaifu wa kilobiti 400 kwa sekunde, unachukua sekunde 40, na bando la mtu linakatwa wakati huo huo. Mbunifu aliyelelewa na intaneti ya faiba mara nyingi hajawahi hata kuupima ukurasa wake. Wewe umezoea kuupima. Liweke hilo kwenye wasifu wako, tena kwa namba.

Usichokuwa nacho bado ni ushahidi kutoka kwa watumiaji. Zamani mteja akishasema "nimependa", kazi imeisha. Don Norman, mwanasaikolojia wa usanifu, alipojiunga na Apple mwaka 1993 na kuchukua cheo chenye maneno "uzoefu wa mtumiaji", alikusudia umbo la kifaa, michoro, kiolesura, hata kitabu cha maelekezo. Mwaka 2000 mbunifu Jesse James Garrett aliichora kazi hii kwa ngazi tano, kuanzia chini: malengo, upeo, muundo, mifupa (nini kikae wapi kwenye ukurasa) na sura. Watengenezaji wengi wa tovuti walikuwa juu kabisa, kwenye sura, na kidogo kwenye mifupa. Za chini ndizo za kujifunza sasa: nani anaihitaji huduma na kwa nini, nini kiingie na nini kiachwe, na mambo yafuatane vipi. Wengi wanaohama hukosea hapo. Wanajifunza Figma, programu ya kuchorea skrini, kwa bidii, wanahesabu kuwa wamehama, kumbe wako kwenye ngazi ileile kwa zana nyingine.

Bosi wangu anasema UI, yaani kiolesura anachokiona na kukigusa mtumiaji, na UX ni kitu kimoja. Nimjibu nini? (Msomaji, Nairobi)

Mwonyeshe ukurasa wa kukata tiketi ya basi. Kitufe cha "Lipa" kuonekana vizuri na kutosha kidole, hiyo ni UI. Sasa abiria ameweka namba ya simu, ombi la PIN limechelewa, hajui kama hela imekatwa, anabonyeza tena, analipa mara mbili. Hakuna rangi ya kutibu hilo. Kitufe kizimwe baada ya bonyezo la kwanza. Ukurasa useme "Tunasubiri uthibitisho kutoka kwenye simu yako". Seva itambue ombi lililojirudia na kulikataa. Tiketi ije kwa SMS hata kama kivinjari kimeshafungwa. Mawili ya mwisho hayaonekani kabisa kwenye ukurasa, na yote manne ni kazi ya UX.

Sina bajeti wala maabara. Jaribio langu la kwanza na watumiaji nalifanyaje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Unahitaji watu 5, simu mbili, msaidizi mmoja wa kuandika, na chumba kisicho na kelele. Hesabu ya watu 5 ilipata umaarufu kupitia Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, mwaka 2000: ikiwa kila mshiriki anafichua takriban asilimia 31 ya matatizo, watano wanafichua kama asilimia 85. Hesabu hiyo inasimama pale washiriki wanapokuwa wa aina moja. Kama huduma ina wauza duka na wateja wao, tafuta watatu au wanne wa kila upande. Usiwachukue wafanyakazi wenzako. Wanaijua lugha ya ofisi.

Andika kazi tatu au nne za kufanya, na usitumie maneno yaliyo kwenye vitufe vyako. Ukisema "bonyeza Jisajili", umeshampa jibu. Sema hivi: "Unataka kumlipia mdogo wako ada ya muhula, shilingi 120,000. Endelea mpaka upate risiti." Siku moja kabla, fanya jaribio na mtu mmoja wa kupimia tu. Karibu kila mara utagundua kwamba kazi mojawapo haieleweki, au kiungo cha sampuli yako hakifunguki kwenye simu ya kawaida.

Siku yenyewe mshiriki atumie simu yake mwenyewe, na kioo chake kilichopasuka na maandishi aliyoyakuza. Simu ya pili irekodi mikono na skrini, si uso. Omba ruhusa kwa maandishi kabla ya kurekodi. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, na video ya mtu ni data yake. Tumia akaunti ya majaribio, na akifika kwenye PIN geuza kamera pembeni. Kila mtu mtengee dakika 30 hadi 40, na umrudishie nauli na bando lake.

Tatizo kubwa kwetu ni adabu. Mtu hakwambii usoni kwamba kazi yako ni mbaya, hasa akihisi wewe ndiye uliyeitengeneza. Atasema "iko vizuri tu" huku amekwama dakika tatu. Kwa hiyo usimuulize anaionaje. Msalimie inavyopasa, na kama ni mtu mzima shikamoo itangulie. Kaa ubavuni pake, usimkabili kama mtahini, na umwambie wazi: "Tunaijaribu programu, hatukujaribu wewe. Ukikwama, sisi ndio tumekosea." Akikuuliza "Nibonyeze hapa?", mrudishie: "Ungekuwa peke yako nyumbani ungefanyaje?" Kisha nyamaza. Hesabu kumi moyoni kabla ya kusaidia. Ni vigumu kuliko inavyosikika, maana mkono wako utataka kuonyesha.

Angalia mikono kuliko maneno. Kidole gumba kinachosimama hewani juu ya skrini kina wasiwasi na kitufe kilicho chini yake. Mtu anayeupandisha ukurasa na kuushusha mara mbili anatafuta kitu alichotegemea kukikuta hapo. Anayeinua simu karibu na macho, maandishi yako ni madogo. Msaidizi aandike alichofanya, alichosema, na dakika aliyokwama, bila kuandika sababu. Sababu mtazijadili jioni, wote mkiwa mnatazama video ileile.

Jioni hiyohiyo lipe kila tatizo uzito: 0 si tatizo, 1 ni la mwonekano tu, 2 dogo, 3 kubwa, 4 linamzuia mtu kabisa. Rekebisheni 4 na 3, kisha muwaite watu wengine watano. Na kwenye ripoti usiandike "asilimia 60 walishindwa" kwa sababu ya watu watatu. Andika "3 kati ya 5". Anayejua takwimu akiona asilimia hiyo ataacha kuiamini ripoti yote.

Ni lazima nijue kuandika msimbo? (Msomaji, Kigoma)

JavaScript nzito, hapana. HTML safi, ndiyo, na wewe wa tovuti tayari unayo. Kisomaji cha skrini kama TalkBack, kinachomsomea kwa sauti mtu asiyeona, kinategemea vichwa vilivyo kwenye mpangilio, sehemu za fomu zenye lebo, na kitufe kilichoandikwa kama kitufe. Kisanduku kilichopambwa tu ili kifanane na kitufe, kisomaji hakikitambui kuwa ni kitufe. Shika pia vipimo vichache vya WCAG, mwongozo wa W3C wa kurasa zinazofikika na watu wenye ulemavu: maandishi ya kawaida yawe na utofauti wa 4.5 kwa 1 na mandhari yake, makubwa 3 kwa 1. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe, kinachopendwa sana, kina 2.85 tu, #767676 kinapita kwa shida. WCAG 2.2 ya mwaka 2023 inataka eneo la kubonyeza lisipungue pikseli 24 kwa 24, na mwongozo wa Android unapendekeza 48 kwa vipimo vyake. Chukua 48.

Huduma ninayoisimamia inatumia menyu ya USSD, ile ya nyota na reli. Naweza kuiita kazi ya UX, au watanicheka? (Msomaji, Mombasa)

Hakuna wa kukucheka akijua kilichomo. Ni kazi ngumu kuliko nyingi za programu za simu, na wanaoifahamu kwa undani ni wachache.

Ujumbe mmoja wa USSD hubeba herufi 182, ukihesabu nafasi, namba za chaguo na mistari mipya. Hakuna picha, hakuna rangi, na muda ukiisha mtu anaanza upya. Kwa hiyo kinachofanywa mara nyingi kikae namba 1, ingawa idara nyingine itaudhika. Chaguo zisizidi tano au sita kwa skrini, na 0 iwe ya kurudi kila mahali, isibadilike maana. Kabla ya kuomba PIN, onyesha jina la mpokeaji na kiasi pamoja, kwenye skrini ileile. Ukizitenganisha skrini hizo, mtu analikubali jina bila kukiona kiasi.

Namba ya simu ipokelewe kwa kila namna watu wanavyoiandika: inayoanza na 07, inayoanza na 254 au 255, na kwenye programu hata yenye alama ya kujumlisha na nafasi katikati. Kazi ya kusafisha ni ya seva, usimpe mtu kosa.

Kuna mtego mmoja unaowapata wengi. Maandishi yakinakiliwa kutoka kwenye programu ya ofisi, kile kialama cha "ng'" hugeuka kuwa cha mviringo. Kialama hicho cha mviringo hakimo kwenye herufi za msingi za GSM, mfumo wa simu za mkononi, na kwenye SMS kimoja tu kinatosha kushusha nafasi kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe unakatika vipande viwili au vitatu, gharama inapanda mara mbili au tatu, na hakuna anayejua kwa nini. Andikeni kile kilichonyooka.

Jaribio la USSD lifanyike kwa simu ya vitufe, nje, juani.

Nina tovuti za hoteli zaidi ya 30. Niziweke zote kwenye potifolio? (Msomaji, Zanzibar)

Weka mbili, zikizidi tatu. Picha 30 za kurasa za mwanzo zinathibitisha kwamba umefanya kazi miaka mingi, hazithibitishi kwamba unafikiri. Chagua tovuti moja ya zamani ambayo mwenye hoteli bado anakusikiliza. Mwombe akuonyeshe maswali ambayo wageni wanamtumia kwa WhatsApp na barua pepe mwezi mzima, uyapange kwa mafungu. Swali linalorudi kila siku ni jambo ambalo tovuti imeshindwa kulisema, au imelisema mahali ambapo hakuna anayefika. Rekebisha hapo, jaribu na watu 5, kisha hesabu maswali ya mwezi unaofuata.

Andiko la kila kazi liwe la maneno 600 hadi 800. Mwanzoni kabisa sema tatizo, wajibu wako binafsi, na kilichobadilika. Kisha onyesha uamuzi mmoja au miwili mizito: ulichoona, njia ulizofikiria, uliyoiacha na kwa nini. Hiyo njia uliyoiacha ndiyo wasaili huisoma kwa makini. Picha za karatasi za kubandika ukutani na watumiaji wa kubuni wenye majina na picha za kununua, toa. Kama hazikubadilisha uamuzi wowote zinachosha tu. Kazi ikiwa ya timu, taja wazi sehemu yako.

Nina miaka 47 na familia inanitegemea. Niache kazi nikasome UX? (Msomaji, Dodoma)

Usiache. Una wateja, na mtu anayetoka darasani anatamani angekuwa nao. Anza kuwauzia ukaguzi mdogo wa tovuti zao. Tumia kanuni kumi za Nielsen za mwaka 1994: mfumo umweleze mtu kinachoendelea, uzungumze lugha yake, umruhusu kutengua, uzuie kosa kabla halijatokea, na nyinginezo. Mwite mwenzako mmoja au wawili, kila mtu akague peke yake kwanza, kisha mlinganishe. Mkikagua pamoja tangu mwanzo, wa kwanza kusema anawavuta wengine.

Mteja mpe kurasa nne: matatizo kumi yenye uzito zaidi, picha ya kila moja, uzito wake kwa ile mizani ya 0 hadi 4, na marekebisho kwa sentensi moja. Toza kwa siku, si kwa ukurasa. Mteja atakayetaka marekebisho yafanywe, msaini naye mkataba wenye jaribio la watu 5 ndani yake, na gharama za nauli na bando za washiriki ziandikwe mstari wake, ili asije akazifuta bei ikianza kujadiliwa.