Lamu twende lini, na tulale wapi?

SWALI: Salaam aleikum. Sisi tuko Nakuru, mimi na mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka saba mwingine mitatu. Hatujawahi kufika Lamu. Tuje Agosti shule zikifungwa ama tungoje Disemba? Na tulale kijiji cha Shela ama mjini? Kila tunayemuuliza ana lake. – Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Waaleikum salaam Mama Wawili, karibuni sana. Kabla hamjaangalia kalenda ya shule angalieni upepo kwanza, maana Lamu ni upepo. Agosti ni kusi, upepo unaotoka kusini, tena Julai na Agosti ndio imekaza kabisa. Kuna baridi nzuri, usiku unajifunika shuka, lakini ule ufuo wa Shela ukishapita nyumba za mwisho kuelekea bahari kuu mawimbi yanakuja makubwa na mchanga unaruka unakuchapa miguuni, mtoto wa miaka mitatu atalia tu na nyinyi mtashinda chumbani. Watu wazima wenyewe wakija Agosti sina neno, mimi mwenyewe naupenda ule ubaridi.

Disemba kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imeshaingia, jua kali lakini bahari ina utulivu. Tatizo ni Krismasi, hapo bei zinapanda na nyumba zinajaa, kwa hivyo shule zikifungwa tu mwisho wa mwaka njooni, msingoje tarehe 20. Mwezi wa tano msijaribu, hiyo ni masika, mvua na mbu.

Kulala sasa. Mji wa kale ndio Lamu yenyewe, ndio ule UNESCO waliouweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na mtu mzima anayekuja mara ya kwanza nitamwambia alale mtaa wa Mkomani kwenye nyumba ya mawe bila kufikiria mara mbili. Ila kwa watoto wadogo chukueni Shela, ufuo uko mlangoni, na mjini mwende kwa boti asubuhi mrudi jioni, ni kama kilomita tatu tu. Kwa miguu pia inawezekana lakini muulize maji kwanza, bamvua, yale maji makubwa, likijaa ile njia ya ufuoni inafunikwa mpaka ukutani.

Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Nilibuku chumba kwa picha za simu, picha zote ni za juu darini, yaani kwenye paa, makuti, mito, bahari ile pale. Nikafika nikapewa chumba cha chini, dirisha moja dogo linatazama ukuta wa jirani, mkono wangu ukitoka unaugusa. Zile kuta za matumbawe na chokaa ni nene, mchana zinakaa baridi, lakini chumba cha chini hakipati upepo na usiku feni inazungusha joto lilelile, nilikesha nikiukung'uta mto. Kwa hivyo ukipiga simu usiulize "kuna chumba?" uliza chumba kiko orofa ya ngapi, dirisha linatazama wapi, na neti iko nzima ama ina matundu. Halafu nyinyi wenye mtoto wa miaka mitatu ulizeni ngazi. Ngazi za nyumba zetu ni nyembamba, zimesimama, kila kipandio na kimo chake, nyingine hazina pa kushika, na ukuta wa dari mahali pengine unamfika mtu mzima magotini. Mwambieni mwenye nyumba awatumie picha ya ngazi, akikataa tafuteni kwengine.

Jambo jingine, maji. Maji matamu ya mji yanatoka visimani chini ya vile vilima vya mchanga vya Shela, si mengi. Waogesheni watoto kwa ndoo na kata, msiache bomba wazi.

SWALI: Mimi kijana wa Kisauni, nataka kuja Maulidi na wenzangu watatu, bajeti ndogo. Huwa ni mwezi gani na tutapata wapi pa kulala? – Wa Kisauni

JIBU: Mdogo wangu, Maulidi hayafuati Januari wala Juni, yanafuata mwezi mwandamo, ni Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, kwa hivyo kila mwaka yanarudi nyuma kama siku kumi na moja. Muulize ustadhi wa mtaani kwenu atakuhesabia. Penyewe ni Msikiti Riyadha, uko mtaa wa Langoni, na Langoni ndio pa kutafuta gesti za bei ya chini, unatoka mlangoni umefika kwenye zefe, yale maandamano ya Maulidi. Lakini wageni wanatoka pwani yote, wengine Unguja na Ngazija, vyumba vinaisha mapema mno. Kama una jamaa yeyote Lamu, hata wa mbali, mpigie sasa hivi, wiki ile nyumba nyingi zinatandika mikeka sebuleni na hakuna anayeona tabu. Njooni na kanzu zenu. Basi linawashusha Mokowe kisha boti, na kitambulisho usikiache nyumbani, njiani kuna vizuizi vya polisi.

SWALI: Magofu ya Takwa tunaweza kwenda saa yoyote? – Msomaji, Malindi

JIBU: Hapana. Takwa iko kisiwani Manda, na ile hori ya mikoko ya kufikia huko boti inaingia maji yakijaa tu, na mkichelewa kutoka maji yakapwa mtakwama kwenye tope mpaka yajae tena. Muulizeni nahodha usiku wa kabla, yeye ndiye awape saa, hata akisema alfajiri amkeni.