Kutuhumu, kusingizia na kusuta si mamoja

Dada, umeuliza kama jirani aliyesema umechukua mbuzi yake ya kukunia nazi "amekulaumu". Hapana, hapo amekutuhumu: ana shaka nawe, ushahidi hana. Angekulaumu kama kosa lingeshajulikana ni lako, mathalan umeiazima ukairudisha imevunjika. Kama anajua fika hukuchukua na bado anakutaja, huko ni kukusingizia; na akitunga kisa kizima, amekuzulia. Kushutumu kuna ukali wa maneno ndani yake. Kushtaki ni kulipeleka jambo kwa mwenye mamlaka, awe sheha au hakimu, ingawa hata mtoto humshtaki mwenzake kwa mama.

Lakini kwetu Unguja zito kuliko yote ni kusuta. Msutaji haji na shaka. Anakuja mpaka mlangoni na shahidi wake, pengine kajifunga kanga yenye jina la kukuchoma, akuulize mbele ya watu juu ya maneno uliyomsengenya: "Ulisema, hukusema?" Ukinyamaza, mtaa mzima umeshakuhukumu. Kwa hivyo tafadhali usiandike kuwa amekusuta. Watu watafahamu kuwa ushahidi anao.