Kutoa polisakaridi kwenye uyoga: ushauri kwa wanaoanza kazi ya maabara Lubumbashi

Mvua zikishakolea, kandokando ya barabara zinazotoka Lubumbashi huwa na wauzaji wa uyoga wa miombo, na wanafunzi wa kemia huona hapo mada ya kumalizia masomo: polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari) zenye sifa ya dawa. Mada ni nzuri. Ila wadogo zetu wajue mapema kwamba unga unaopatikana baada ya kuongeza ethanoli kwenye mchuzi wa uyoga ni mchanganyiko, na ukitoka mwingi kupita kiasi, inafaa kuutilia shaka kuliko kuufurahia.

Utoaji wenyewe hauna maajabu. Uyoga hukaushwa kwa moto mdogo, husagwa, huchemshwa kwa maji saa mbili au tatu, huchujwa, kisha mchuzi uliopunguzwa maji huongezwa ethanoli mara tatu au nne ya ujazo wake na kulazwa kwenye friji. Msiruke hatua ya kuosha uyoga uliosagwa kwa ethanoli ya asilimia 80 kabla ya kuchemsha, kwa sababu uyoga una trehalosi na manitoli kwa wingi, molekuli ndogo za jamii ya sukari ambazo si polisakaridi. Protini nazo huondolewa kwa kutikisa mchuzi pamoja na klorofomu na butanoli, nne kwa moja, chini ya kifaa cha kuvuta hewa. Utando mweupe hujitokeza kati ya vimiminika viwili, na kazi hurudiwa hadi usionekane tena.

Penye makosa mengi ni upimaji. Kipimo cha fenoli na asidi ya salfuriki, alichokitangaza Dubois na wenzake mwaka 1956, husomwa kwenye nanomita 490 na huhesabu sukari yoyote ile, hata ya nyuzi za pamba au karatasi ya kuchujia zilizodondokea kwenye neli. Asidi imiminwe kwa haraka, moja kwa moja juu ya kimiminika, kwa kuwa joto linalozuka papo hapo ndilo linaloleta rangi. Ukiimwaga taratibu, neli mbili za sampuli moja hazitakubaliana. Tena, kipimo hiki hakitofautishi beta-glukani, yaani polisakaridi za glukosi zilizoungwa kwa viungo vya beta, na glikojeni ambayo uyoga huitunza kama akiba. Kwa hiyo anayeandika “beta-glukani” kwenye kichwa cha kazi yake huku ana kipimo hicho peke yake anadai asichokionyesha. Aondoe glikojeni kwa vimeng'enya, au angalau atazame mwale wa infraredi karibu na 890 cm⁻¹, unaoashiria viungo vya beta.

Kwetu kuna jambo la ziada: udongo wa ukanda wa shaba. Uyoga hufyonza metali, na polisakaridi zenye asidi huzishika, hivyo shaba na kobalti zipimwe kwenye unga wa mwisho, si kwenye uyoga mbichi tu.

Atakayejaribu unga wake juu ya seli za kinga ahakikishe kwanza hauna endotoksini, yaani sumu za kuta za bakteria. Nazo hutuama kwenye ethanoli na huzichochea seli hizo kwa nguvu, hata kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo jaribio lenye polimiksini B, dawa inayozifunga endotoksini, liwekwe sambamba tangu siku ya kwanza.