Matangazo yalinimalizia bando: jinsi nilivyochagua kivinjari

Jumapili moja hapa Arua, Uganda, nilinunua bando la GB 1 ili binti yangu, aliye darasa la saba, atazame masomo ya hesabu ya kujiandaa na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Somo la pili halikufika mwisho. Nilipofungua mipangilio ya simu kuangalia matumizi ya data, nikakuta sehemu kubwa imekwenda kwenye kurasa za habari nilizosoma asubuhi, zile zenye video za matangazo zinazocheza zenyewe. Iliniuma. Tangu Julai 2021, kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii ilipoondolewa, tunalipa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Tangazo nisiloliomba nalilipia pamoja na kodi yake.

Nikaamua kutafuta kivinjari kinachozuia matangazo. Kwenye simu uamuzi haukuwa mgumu. Chrome ya simu za Android haipokei programu jalizi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari, basi nikahamia Firefox na kuweka uBlock Origin, kizuia matangazo cha bure. Asiyetaka kuhangaika na kuweka vitu, Brave huja na kizuia matangazo ndani yake. Opera Mini naipenda kwa kusoma tu, maana hubana kurasa kabla hazijakufikia. Kwa video sikuitegemea.

Kwenye kompyuta pia nimebaki na Firefox. Chrome imeacha kukubali uBlock Origin kamili, imebaki ile nyepesi iitwayo uBlock Origin Lite, inayofanya kazi vizuri ila haina nguvu zote za kaka yake.

Video ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kompyuta yangu ni ya mwaka 2012. Kila nikifungua YouTube feni ilivuma, picha inakwamakwama, nami nikawa naulaumu mtandao. Kumbe tatizo ni aina ya video. YouTube hupenda kutuma video zilizobanwa kwa njia za VP9 au AV1, na chipu ya picha ya kompyuta kuukuu haizijui hizo, kwa hiyo mzigo wote unaangukia prosesa. Ukibofya video kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kufungua takwimu zake, utaona imeandikwa vp09, av01 au avc1. Hiyo avc1 ndiyo H.264, njia ya zamani zaidi ya kubana video, ambayo mashine za zamani huimudu. Niliweka programu jalizi iitwayo enhanced-h264ify, inayoilazimisha YouTube kutuma H.264, na feni ikatulia siku hiyohiyo.

Lakini kuna gharama yake. Kwa ubora uleule wa picha, H.264 hula data zaidi kuliko VP9. Kwa hiyo binti yangu hutazama kwa 480p, ubora wa picha wa wastani, na namba za ubaoni anazisoma bila shida. Kama mashine yako ni mpya, usiiweke kabisa hiyo enhanced-h264ify, utapoteza bando bure.

Filamu za kulipia zinahitaji Widevine, kifaa cha ndani ya kivinjari kinachozilinda zisinakiliwe. Firefox na Brave zitakuomba ruhusa ya kuiwasha, kubali tu.

Na kivinjari kipakue Play Store au kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye faili ulilotumiwa WhatsApp, hata kama aliyelituma ni ndugu yako. Ukishakiweka, soma kurasa zako za kila siku kwa siku mbili, kisha rudi kwenye mipangilio ya data ulinganishe na siku mbili za kivinjari cha zamani. Gazeti ninalolisoma kila asubuhi nimelizimia kizuizi, kwa sababu waandishi wake wanaishi kwa matangazo hayo na hayajawahi kunichezea video.