Jibu: Wavuvi wa nyavu za kukokota na watu wa mazingira wanaweza kulinda mazalia kwa pamoja, ila kwa sharti

Ndugu mleta mada ameuliza kama watu wa mazingira na wavuvi wanaotumia nyavu za kukokota wanaweza kukaa meza moja ili kulinda sakafu ya ziwa, au kama hakuna njia nyingine isipokuwa doria na kuchoma nyavu. Nimekuwa mjumbe wa kamati ya BMU, yaani kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, katika mwalo mmoja wa Ghuba ya Mwanza, na jibu langu ni kwamba inawezekana, kwa sharti ambalo wafadhili wengi hawapendi kulisikia: anayetakiwa kuacha chombo chake afidiwe kwa kukiacha, na mipaka ya eneo litakalofungwa ichorwe yeye akiwepo.

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa pwani ya kati ya California, nchini Marekani, karibu na bandari ya Morro Bay, ambako meli za trola zilikuwa zikiburuta nyavu nzito juu ya sakafu ya bahari. Shirika la The Nature Conservancy liliwaendea wenye leseni na kuahidi kununua leseni zao iwapo wangeunga mkono kufungwa kwa maeneo yenye makazi dhaifu ya viumbe, nao wavuvi wakaeleza wanavua wapi hasa na wapi wanaweza kupaacha bila kupoteza riziki. Mwaka 2006 ekari takriban milioni 3.8 zilifungwa kwa trola, na shirika likanunua leseni 6 pamoja na meli 4. Baadaye baadhi ya leseni hizo zilikodishwa kwa wavuvi kwa masharti, likiwemo la kuvua kwa ndoano na mitego badala ya trola. Ninaloliona kubwa katika habari hii ni kwamba waliokuwa wakilaumiwa ndio walioijua sakafu ile vizuri zaidi, na ujuzi wao uliheshimiwa.

Ziwa Victoria nalo lina historia yake ya trola. Utafiti wa miaka ya 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba furu, wale samaki wadogo wa jamii nyingi, walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wote wa chini ziwani, na katika miaka ya 1970 trola zikawakokota hapa ghubani kwa ajili ya kiwanda cha unga wa samaki cha Mwanza, hata wakaanza kupungua katika eneo hilo kabla sangara hajawa wengi. Siku hizi trola zimepigwa marufuku, lakini sakafu haijapumzika, kwa sababu kokoro, yaani wavu unaokokotwa kwa kamba na watu, linafanya kazi ileile karibu na ufuko. Sato dume huchimba kiota chake kwenye mchanga wa maji mafupi, na jike huatamia mayai mdomoni. Kokoro likipita hapo, kamba yake ya chini hufukia viota, huku wavu ukizoa wazazi na vifaranga pamoja. Madhara yake ni makubwa kuliko ukubwa wa eneo unavyoonyesha, maana maji ya kina hukosa oksijeni kwa miezi mingi ya mwaka, na maji mafupi ndiyo kimbilio lililobaki.

Katika mwalo wetu doria zilikuja, nyavu zikachomwa hadharani, na baada ya muda kokoro likarudi kuvutwa usiku. Sababu haikuwa ukaidi. Vijana wanaovuta kamba si wenye wavu. Wavu ni wa tajiri, ambaye huwakopesha chakula na fedha za matibabu, na wavu ukiungua deni huwaangukia wao. Kila moto uliwasha deni jipya, na deni likawarudisha majini.

Mambo yalibadilika pale watu wa shirika moja la mazingira walipokubali ushauri wa kamati, wakakaa na wavuta kamba wenyewe, bila askari na bila kamera. Vijana wale walieleza wapi wavu hukwama kwenye mawe, wapi nyayo huhisi mashimo ya viota, na ni majira gani sato wadogo hujaa kando ya matete. Mtaalamu aliyekuwepo aliandika kila neno. Mipaka ikawekewa maboya, na waliokabidhi makokoro wakapewa nyavu za makila, ambazo hutegwa badala ya kukokotwa, zenye matundu ya inchi 6, kwa hati iliyowataja wao kuwa wenye nyavu.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kumzawadia mvunja sheria, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa mvuvi aliyetii sheria miaka yote hakupewa chochote. Sisi tuliijibu kwa kumpa huyo nafasi ya kwanza katika ulinzi wa maboya, kazi yenye posho, ingawa naamini alistahili zaidi. Lakini makubaliano ya aina hii hayawezi kuhalalisha kokoro hata kwa siku moja, na kamati inayofumbia macho kokoro la ndugu wa mwenyekiti itapoteza heshima yote kwa wiki moja. Doria bado inahitajika. Tofauti ni kwamba sasa wanaotoa taarifa ni wavuvi wenyewe, kwa sababu eneo lile wanaliona kuwa lao.

Kwa hiyo, ndugu, ukianza huko kwenu, uliza kwanza nani mwenye wavu na nani anadaiwa, kabla hujagusa ramani. Tajiri aitwe kikaoni na atie saini kwamba deni la wavu uliokabidhiwa limefutwa, mbele ya afisa uvuvi na mtendaji wa kijiji. Msaada utolewe kwa nyavu na si kwa fedha taslimu, na ukabidhiwe kwa wavuta kamba kwa majina yao. Sisi tulipata saini za matajiri wote isipokuwa mmoja, na makokoro machache yanayoonekana usiku hadi leo ni ya kambi yake.