Mtungi wenye mkaa na gesi
Ndugu, unauliza kama fundi aliyekwambia mkaa unaongeza gesi kwenye mtungi amekudanganya. Hajakudanganya, mtungi uliojazwa mkaa unaweza kubeba gesi asilia nyingi kuliko mtupu kwa presha hiyohiyo, mradi presha yenyewe iwe ya chini. Siri ni vitundu: gramu moja tu ya mkaa uliopikwa vizuri na potasiamu haidroksaidi (kemikali inayochimba vitundu kwenye mkaa) ina eneo la ndani la kama mita za mraba 2,000 mpaka 3,000, sasa molekuli za methani (ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia) zikiingia kwenye vitundu vya nanomita moja hivi (sehemu moja ya milioni ya milimita) zinavutwa na kuta za pande zote zinabanana kupita kawaida. Chuo Kikuu cha Missouri kule Marekani mwaka 2007 walionyesha hilo kwa mkaa wa magunzi ya mahindi, yaani magunzi kabisa, gesi ikahifadhiwa kwa presha ya baa 35 hivi (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida), wakati mitungi ya CNG (gesi asilia iliyoshindiliwa) ya bajaji za Dar inajazwa kwa baa kama 200! Shida ni joto, ukijaza harakaharaka mkaa unapata joto na unashika gesi kidogo, halafu mwishoni kuna gesi inang'ang'ania humo ndani haitoki mpaka upashe mtungi joto. Mi naona hapo ndo watafiti wakazane.