Oganiki haimaanishi mchumaji kalipwa

Umeuliza kama lebo ya dawa za mimea ikiandikwa "asilia" au "oganiki" ndo inamaanisha aliyechuma mmea kalipwa vizuri, jibu ni hapana, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Oganiki inaangalia zaidi mambo ya sumu za wadudu na mbolea za viwandani, haimwangalii yule mama aliyeshinda porini anachimba mizizi, na mimea mingi ya dawa inachumwa porini sio shambani, yaani inapita kwa dalali wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja anakata chake na mchumaji anabaki na kidogo sana.

Cheki mti wa Prunus africana, gome lake linatumika kwenye dawa za tezi dume. Ukibandua vipande viwili pande zinazotazamana ukaacha sehemu nyingine, mti unaweza kupona na gome likarudi baada ya miaka, ila mtu anayelipwa kwa kilo tena bei ya kutupa atabandua mti kuuzunguka wote na unakufa umesimama. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kwa hiyo malipo mabovu yanaua hata msitu, na hili linaniuma sana manake wanunuzi wengi hawaliunganishi.

Tafuta nembo ya FairWild, hiyo inaangalia vyote, uvunaji na malipo ya wachumaji. Kama haipo waandikie wauzaji, waulize mmea umetoka wapi na nani kauchuma, anayejua atakutajia mpaka eneo.